Aliyeshika daftari la rambirambi naye kafiwa

Ingia kwenye msiba wowote Ngamiani, mjini Tanga, barabara yoyote katika zile zenye namba, utamkuta mtu mmoja karibu na mlango. Amekalia kiti cha plastiki, mbele yake meza ndogo na kaunta buku lililochorwa safu tatu kwa rula: jina, mtaa, kiasi. Juu ya meza kuna simu mbili, moja yake, nyingine ya marehemu, na hiyo ya marehemu ndiyo inayoita zaidi. Anapokea bahasha, anaandika, anajibu "tumeshapoa", anainuka kumwelekeza kijana wa kirikuu pa kushusha viti, anarudi, anahesabu upya kwa sababu hesabu imempotea. Wageni wanamuuliza mama yuko wapi wakampe pole. Huyo mwenye daftari ni mdogo wake marehemu, tumbo moja.

Matanga ya Pwani yanasifiwa, na sifa hizo yanazistahili. Ndani ya saa chache mtaa umechanga, sufuria zimebandikwa, kaburi limechimbwa, na hakuna aliyelipwa. Hakuna kliniki inayoweza kumletea mfiwa watu wengi kiasi hicho siku ya kwanza. Kasoro yake ni moja na inajirudia nyumba hadi nyumba. Mfumo huu unamtambua mjane, unamtambua mzazi, unamtambua mtoto aliyeachwa, ila ndugu unamhesabu upande wa wanaopika na kupokea wageni. Lugha yenyewe inashuhudia. Aliyefiwa na mume ni mjane, aliyefiwa na mke ni mgane, mtoto ni yatima. Aliyefiwa na kaka au dada hana jina lake. La karibu ni mkiwa, na ukiwa huo siku hizi tunausikia ndani ya salamu tu, "makiwa", tukipita mlangoni bila kumtazama aliyekaa pale.

Ndugu ndiye mtu unayeishi naye duniani muda mrefu kuliko wote. Wazazi hutangulia, mwenzi huja ukubwani, watoto baadaye zaidi. Ndugu yuko tangu mwanzo, na ndiye pekee anayejua nani alivunja redio na nani alichapwa kwa ajili yake. Akiondoka, sehemu ya utoto wako inabaki na shahidi mmoja. Halafu kuna yale yasiyosemwa barazani: deni lililokuwa halijalipwa, ugomvi wa kiwanja, miezi ya kununiana. Mapenzi ya ndugu huwa na kijiba ndani yake, na kifo hukifunga kijiba hicho kabla hakijatolewa. Vyeo vya nyumba navyo hubadilika usiku mmoja. Mtoto wa pili anaamka akiwa mkubwa, na kabla ya hitima kwisha ameshaambiwa ada za wapwa zake ni juu yake.

Uzito huu umepimwa. Utafiti wa kumbukumbu za wakazi wa Denmark na Sweden, uliochapishwa mwaka 2017, uliwafuatilia waliofiwa na ndugu wakiwa bado watoto au vijana. Hatari yao ya kufa mapema ilikuwa juu kuliko ya wenzao wasiofiwa, na mwaka wa kwanza ndio uliokuwa mbaya zaidi. Sehemu ya hatari hiyo yaweza kutokana na maradhi ya ukoo na maisha ya pamoja, kwa hiyo isisomwe kana kwamba huzuni peke yake ndiyo inayoua. Hata hivyo inatosha kumtoa mtu kwenye meza ya daftari.

Kumtoa aende wapi? Hapa ndipo wengi wanapokosea wakidhani kumhurumia ndugu ni kumlaza chumbani. Kazi za msiba ziko za namna mbili, zinazomgusa marehemu na zinazogusa hela. Za kwanza humsaidia mfiwa, za pili humchosha. Kwa Waislamu, dada kumwosha dada yake, kuchanganya maji na majani ya mkunazi, kutia karafuu maiti, kuzikunja sanda, 3 za mwanamume au 5 za mwanamke; kaka kushuka kaburini kumpokea nduguye na kumlaza kwenye mwanandani; kwa Wakristo, kuvalisha na kubeba jeneza. Mikono ikishafanya hayo, akili nayo huanza kuamini. Wanawake wa huku kwa kawaida hawaendi mazikoni, kwa hiyo dada aliyefiwa na kaka ana nafasi moja tu, kumwona kabla sanda haijafungwa usoni. Akiwa ametumwa sokoni dakika hiyo kufuata mchele, basi. Wiki kadhaa baadaye atakuwa bado anahisi kama kaka yake kasafiri, na hatajua kwa nini.

Za hela wapewe watu wa nje ya nyumba, wawili: mmoja anaandika, mwingine anashika pesa. Hesabu ifungwe kila jioni mbele ya watu watatu na kiasi kisainiwe chini ya ukurasa. Hilo hulinda heshima ya wote, maana ndugu aliyeshika rambirambi peke yake ndiye anayekuja kusemwa. Simu ya marehemu apewe binamu au rafiki, awe na jibu moja fupi la kuwajibu wote wanaopiga bila habari. Kumtangazia mtu wa ishirini kifo cha ndugu yako kwa sauti yako mwenyewe ni mateso ambayo familia hazina sababu ya kuyagawa.

Siku ya tatu matanga yanaanuliwa. Turubai linashushwa, viti vinahesabiwa, kirikuu kinaondoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaja ndugu waziwazi: likizo ya malipo isiyopungua siku 4, sawa na ya kifo cha mwenzi au mzazi. Wafanyakazi wengi hawaijui, wanaiomba kama hisani. Lakini siku hizo 4 ni jumla ya mzunguko mzima wa likizo, ambao kwa aina hii ni miezi 36, kwa hiyo anayefiwa mara mbili ndani ya kipindi hicho huomba siku za ziada, zisizo na malipo. Bodaboda, mamalishe na mvuvi hawana hata hiyo, wanarudi kazini pale akiba inapokata.

Kisha linakuja la mirathi. Kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa, na anayependekezwa kuwa msimamizi mara nyingi ni kaka au dada, kwa kuwa "yeye ndiye anayejua mambo ya marehemu". Mahakama ya Mwanzo ikishamteua ana miezi 4 ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Kwa sheria ya Kiislamu marehemu akiacha baba au mtoto wa kiume, ndugu hapati fungu. Tazama basi hesabu hiyo: anazunguka benki na ofisi za ardhi, anapekua nguo na karatasi za nduguye, anatuhumiwa na wakwe kwamba anaficha, na mwisho hana chake. Wataalamu wakishangaa kwa nini mfiwa wa namna hii anavunjika mwezi wa tano badala ya wiki ya kwanza, jibu limo humo. Mwezi wa tano ndipo kazi zilipokwisha.

Watu wa dini watasema siku tatu zimewekwa na zinatosha. Zimewekwa, ndiyo, ila tuangalie zimewekewa nini. Katika hadithi inayojulikana, Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume, alifiwa na kaka yake. Baadaye akaagiza manukato, akajipaka, akasema hana haja nayo, ila amemsikia Mtume akisema si halali kwa mwanamke anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho kumkalia maiti matanga zaidi ya siku tatu, isipokuwa mume, miezi minne na siku kumi. Kinachowekewa mpaka hapo ni kuacha mapambo. Machozi hayakuwekewa. Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, na Nabii Yakubu alihuzunika mpaka macho yakawa meupe. Kumwambia kijana wa Makorora siku ya nne "jikaze, matanga yameisha" ni kuipa hukumu maana isiyokuwa nayo. Na lile neno la Bibi Zaynab kwamba hana haja na manukato lina thamani kubwa kwa wanaoshughulika na afya ya akili, tutalirudia.

Upande wa pili wako wanaosambaza hatua tano za huzuni, kwamba mtu hukana, hukasirika, hujadiliana, husononeka, kisha hukubali. Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969 alikuwa anazungumza na wagonjwa wanaokaribia kufa wao wenyewe. Kumpimia mfiwa kwa ngazi hiyo kunamfanya ahisi anafeli mtihani kila anaporudi nyuma. Maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, ya mwaka 1999, yako karibu zaidi na tunayoyaona. Mfiwa huyumba kati ya pande mbili, saa anamlilia aliyekufa, saa anashughulika na maisha yaliyobaki, na kuyumba huko ndiko kupona kwenyewe. Mvuvi wa Deep Sea, kwenye soko la samaki la Tanga, hahitaji kuelezwa sana. Maji yakipwa asubuhi haina maana bahari imekauka.

Ugonjwa unaanzia wapi, basi? Kusikia sauti ya marehemu mlangoni au kumwona kidogo kwenye kona wiki za mwanzo ni jambo la kawaida kwa wafiwa, wala si wazimu. Haraka ya kumpeleka kwa mganga, kwamba kapandwa na jini au kuna mkono wa mtu, huongeza hofu juu ya huzuni. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa unaotumika tangu 2022 unahesabu huzuni kuwa maradhi ikiwa imezidi miezi 6, inamshika mtu karibu kila siku, inapita mipaka ya mila za jamii yake na inamzuia kuishi. Sonona, ule ugonjwa wa kukata tamaa na kupoteza hamu ya kila kitu, ni kitu kingine ingawa hukaa jirani na huzuni. Dalili zake huhesabiwa kwa wiki 2. Mwenye huzuni hucheka akikumbushwa vituko vya nduguye. Mwenye sonona hata vituko hivyo havimfikii, na lawama anaielekeza kwa nafsi yake yote, kwamba yeye si kitu.

Kuna dodoso fupi la maswali 9 ambalo wahudumu wa afya hulitumia, na limeshafanyiwa majaribio kwa Kiswahili hapa nchini. Linauliza kuhusu wiki 2 zilizopita: hamu ya kufanya mambo, kukata tamaa, usingizi, uchovu, kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutulia akili, mwendo kuwa mzito au kutotulia, na fikra za kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 mtu amwone mhudumu. Swali la tisa halisubiri jumla. Akijibu ndiyo, hata kidogo, asiachwe peke yake siku hiyo. Vitu vya hatari, sumu ya panya na dawa za shambani kwanza, viondolewe nyumbani, na apelekwe hospitali. Ulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu imehesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na woga huo ndio unaozifunga familia midomo hadi wanachelewa.

Ugumu wetu ni kwamba mfiwa wa Tanga haendi zahanati kusema ana huzuni. Anasema kifua kinabana, kichwa kinagonga, tumbo linawaka, hapati usingizi. Anapimwa presha, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo, anarudi. Mhudumu ambaye hakuuliza "nyumbani kuna msiba?" anaweza kumzungusha mwaka mzima, kwa hiyo mgonjwa au anayemsindikiza alitaje hilo mapema. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ndiyo ya karibu kwa wa mjini, na pale aulizie kitengo cha afya ya akili. Mkoa huu si mgeni wa kazi hiyo: Lutindi, kule milimani Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Dawa za sonona zikiandikwa, huchukua wiki 2 hadi 4 kuonyesha kazi, na wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifai. Nafuu ikija haziachwi ghafla. Vidonge vya usingizi vya kununua dukani kimyakimya ni mtego mwingine. Wiki chache tu zinatosha mwili kuvizoea.

Watoto waliofiwa na ndugu wanahitaji neno moja la kweli: amekufa. "Amesafiri" humfanya mtoto akae mlangoni akingoja. "Amelala" humfanya aogope kitanda. Akianza tena kukojoa usiku asichapwe. Na msimvishe nguo za marehemu kabla hajaziomba mwenyewe.

Sasa tuje kwenye furaha, neno ambalo msibani linatamkwa kwa kificho. Dada akicheka kabla ya arobaini mtaa unamtazama. Akitia hina, maneno. Kwa kaka jicho hilo si kali hivyo, na hiyo ni dhulma ya wazi. Turudi basi kwa Bibi Zaynab. Alijipaka manukato huku akisema hana haja nayo. Wanasihi wa leo wanafundisha kitu hichohicho: kitendo kitangulie, hamu ifuate. Anayengoja ajisikie vizuri ndipo atoke, hatatoka, kwa sababu kujisikia vizuri huzaliwa na kule kutoka.

Namna ya kufanya haina ukubwa. Chagua mambo mawili kwa wiki, moja la mwili na moja la watu, yawe na siku na saa. Dakika 10 hadi 20 zinatosha mwanzoni. Baiskeli kutoka Ngamiani mpaka Raskazone jioni jua likilegea. Kikombe kimoja cha kahawa chungu na kashata barazani, pembeni ya wacheza bao, bila lazima ya kuongea. Kwenda Deep Sea asubuhi kuchagua samaki mwenyewe badala ya kumtuma mtoto. Chungwa la Muheza likimenywa mkononi. Kabla ya kitendo jipe alama ya hali yako, 0 hadi 10, na baada yake tena. Usitarajie kutoka 2 kwenda 9. Kutoka 2 kwenda 3 ndiko tunakokutafuta, na ukiandika wiki tatu utaona ni lipi linalopandisha alama na lipi halina kazi. Wanaoshindwa mara nyingi wamechagua kubwa mno, safari au sherehe, au wamechagua la upweke mtupu, au wameiita pombe furaha na kesho yake alama zimeshuka chini ya zilipokuwa.

Yapo ya kufurahia yaliyokuwa ya wawili, na hayo ndiyo magumu. Ndugu waliogawana timu, mmoja Coastal Union mwingine African Sports, yule aliyebaki hukwepa uwanja wa Mkwakwani msimu mzima. Asilazimishwe kurudi. Siku akirudi, aende na mtu aliyemjua marehemu, akae jukwaa lilelile, na wakitaka kutoka mapumziko watoke.

Nchini Zimbabwe, mtaa wa Mbare jijini Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi 14 kukaa kwenye benchi na wenye mawazo mengi, na majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha dalili za waliokaa nao zilipungua. Bibi hawatoi mawaidha. Wanasikiliza matatizo yote yakitajwa, kisha mwenyewe anachagua moja tu na hatua moja ya wiki hiyo. Sisi baraza tunazo tayari, zenye kivuli na kahawa. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa kunyamaza, na kwa watu wa Tanga wenye maneno matamu hilo ndilo somo gumu.

Msiba ukifungwa, kaunta buku hubaki na kurasa nyingi tupu. Ukurasa wa mwisho uchorwe safu tatu nyingine: jina la ndugu, wiki, nani anakwenda. Wiki ya 2, ya 4, wiki moja baada ya arobaini, mwezi wa 3, mwezi wa 6, Idi ya kwanza, au Krismasi ya kwanza, siku aliyozaliwa marehemu. Ndugu wakiwa wanne kila mmoja aandikiwe mtu wake, na aliyeko Dar es Salaam apigiwe simu saa za usiku akiwa ametulia. Anayekwenda abebe kilo ya sukari, akae, amtaje marehemu kwa jina lake, aulize kisa kimoja cha utotoni kisha anyamaze. Daftari likae kwa jirani. Na safari hii kalamu asishike ndugu.